Bei ya Kuonwa

Kwetu mtu akiingia mjini huulizwa kwanza ni wa nani, na baba wa babake ni nani, mpaka msikilizaji apate jina analolijua. Daktari wa Meno hakuwa na jina la namna hiyo la kutupa. Alikuwa Mkamba wa Mwingi, mtu wa kanisani, na ukoo wake haukuwahi kufika Garissa. Basi tukamwacha na kazi yake, na miaka yote aliyokaa nasi hatukumwita kwa jingine. Walikuwapo wengine wa kazi hiyo, hospitalini na baadaye kwenye majengo mapya ya vioo, lakini ukisema Daktari wa Meno, hata muuza magodoro aliyekuwa chini ya kliniki yake alikuelekeza ngazini bila kukuuliza yupi.

Namkumbuka sana siku hizi, na kilichonikumbusha kilikaa kabatini kwangu miezi kadhaa. Mama yangu, Hooyo, alifariki mwaka huu kabla ya Ramadhani. Wanawake waliomwosha walimtoa meno ya bandia, wakayafunga kwenye kitambaa cheupe, wakanikabidhi mimi binti yake mkubwa. Bangili zake zilipata mwenyewe. Mswala wake na birika lake vilipata wenyewe. Meno hakuna ndugu aliyeyataka, na mimi kuyatupa sikuweza. Nilimwuliza sheikh, akasema ni mali tu kama mali nyingine, tuamue wenyewe. Nikayaweka kabatini kati ya mashuka, na kila nilipofungua kabati nilijiuliza niyafanye nini, nikafunga haraka. Mtu wa kuniambia alikuwa mmoja tu, yule aliyeyatengeneza, naye alikuwa ameshaondoka Garissa.

Kliniki yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi nyembamba za saruji ambazo kina mama wazito walizipanda wakimtaja Mungu kila kidato. Ndani kulikuwa na benchi mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, feni iliyozunguka umeme ulipotaka, na ukutani karatasi kubwa ya bei aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene. Kuonwa. Kung'oa. Kuziba. Kutibu mzizi. Meno ya bandia. Kila kitu kwa Kiswahili, na chini yake Kisomali cha kubahatisha. Kabla hujakaa kwenye kiti alikusimamisha mbele ya karatasi ile akakusomea. Asiyejua kusoma alisomewa, na profesa naye alisomewa. Alitaka ujue utalipa nini kabla sindano haijaingia, kwa sababu, alisema, mtu mwenye ganzi mdomoni hawezi kubishana vizuri.

Kilichowakera watu ni neno la kwanza pale juu. Kung'oa walielewa, jino limetoka, unaliona. Lakini kuonwa? Hooyo ndiye aliyebishana naye kuliko wote, nami nilikuwapo, nimemshika mkono kwa ajili ya ngazi.

Niseme kwanza kilichompeleka. Hooyo alifundisha wasichana Kurani, duksi yake, ndiyo madrasa, ilikuwa uani kwetu, chini ya mabati. Meno yake ya mbele yalianza kulegea, likatoka moja, likafuata jingine, na herufi zinazohitaji ncha ya ulimi na meno zikaanza kumponyoka. Thaa yake ikawa upepo. Wasichana waliuma mitandio yao wasicheke. Polepole akaacha kuwasomea, akawa anamwachia msichana mkubwa atangulie, yeye anaitikia kwa kichwa. Hakulalamika kwa mtu. Lakini asubuhi baada ya Alfajiri nilimwona mbele ya kioo kidogo, ameinua mdomo wa juu kwa kidole, anajaribu thaa, anajaribu tena. Mwalimu wa Kurani asiyeweza kutamka herufi zake anabaki na nini? Hilo ndilo lililompandisha ngazi zile.

"Kuonwa ni nini?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisicho na p.

"Ni kukuangalia, Mama, nijue una shida gani."

"Naangalia tu? Hagusi jino, hatoi jino?"

"Leo naangalia tu."

"Na kuangalia ni besa? Hata mimi naangalia wewe hapa. Nilibe na mimi!"

Benchi zote mbili zikacheka. Daktari hakucheka. Alimwuliza anafanya kazi gani, akaambiwa.

"Haya, Maalim," akasema, na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina jingine. "Msichana akija duksi asisome, akae tu asikilize, halipi?"

"Analiba," Hooyo akajibu palepale. "Hata akilala analiba."

Kisha akajisikia alichosema. Akaingiza mkono ndani ya guo lake akatoa pesa ya kuonwa, akaketi kwenye kiti kile akiwa amenuna. Akafungua mdomo kabla hajaambiwa.

Bei ya meno yenyewe ilikuwa jambo zito zaidi, na kwa jambo zito sisi hatuendi peke yetu. Safari ya pili tulikwenda kikosi: mimi, dada zangu wawili, shangazi mmoja ambaye hakuwa na kazi siku ile, na Abti, ndugu wa Hooyo, dalali wa mifugo sokoni. Abti aliitazama karatasi ya ukutani jinsi anavyotazama ngamia mwenye kikohozi.

"Hii ni bei ya kusoma," akasema. "Bei ya ukweli iko hapa." Akaitoa shuka begani, akaufunika mkono wake wa kulia, akamnyooshea Daktari.

Sokoni kwetu bei ya mnyama haitangazwi. Wanaouziana hushikana mikono chini ya shuka na kubonyezana vidole. Kidole kimoja kina hesabu yake, vidole viwili hesabu yake, kiganja kizima hesabu yake, na waliosimama kando wanaona nyuso tu. Daktari alikuwa hajafanyiwa hivyo maishani. Alipouingiza mkono chini ya shuka Abti akambana, aliuchomoa kama aliyeguswa na kitu cha moto. Abti akamweleza. Daktari akasikiliza kwa makini, akavua glavu, akaingiza mkono tena.

Benchi zote mbili zikanyoosha shingo. Shuka ilitikisika, ikatulia, ikatikisika. Abti alikunja uso, Daktari alitazama feni. Walikaa hivyo mpaka shangazi akaanza kumswalia Mtume. Mwishowe Abti akatoa mkono, akajifuta jasho, akatangaza, "Tumeelewana." Hooyo alishuka ngazi akijisifu mtaa mzima kwamba ndugu yake kamwangusha Daktari wa Meno.

Miaka mingi baadaye Abti aliniambia ukweli. "Yule mtu mkono yake ni jiwe. Mimi nashika hii, yeye nashika ya ukutani. Nashika ingine, yeye ya ukutani. Sasa mbele ya dada yangu niseme nini?"

Daktari aliipenda sana desturi ile. Alinunua shuka yake mwenyewe, ya mistari ya kijani, akaitundika nyuma ya mlango, na yeyote aliyeanza kunung'unika kuhusu bei alifunikwa mkono. Hakuna aliyepunguziwa hata siku moja, na karibu wote waliondoka wameridhika, kwa maana walikuwa wameheshimiwa. Kuonwa kilikuwa kidole kimoja, kile cha shahada. Hata watoto walikijua, wakawa wanashikana kidole hicho wakicheza udaktari.

Mifugo yenyewe aliikataa. Mzee mmoja wa Modogashe alipanda ngazi akivuta mbuzi, shavu limemvimba, hana pesa mkononi ila mbuzi huyo, na kwa hesabu yake mbuzi alitosha kung'oa jino na kubaki kitu. Daktari akamwambia mbuzi hana chenji yake. Wakati wanabishana, mbuzi akainua shingo akaitafuna karatasi ya bei, akaanza na kuonwa akashuka mpaka kwenye mizizi. Mzee akafurahi, akasema basi bei zimekwisha, tuanze upya kama Waislamu. Daktari alichukua kalamu nene na karatasi mpya, akaziandika zote upya vilevile kwa kichwa, mzee na mbuzi wakimtazama. Halafu akamng'oa lile jino kwanza, kwa sababu shavu lilikuwa baya, akamwambia akauze mbuzi sokoni arudi na pesa. Alirudi baada ya Adhuhuri. Najua kwa sababu Daktari alimsimulia kila mgonjwa kwa muda mrefu, kila mara mbuzi akizidi kunenepa.

Nikisema baada ya Adhuhuri, hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya kliniki. Alipofika Garissa alianza kutoa miadi kwa saa ya ukutani, watu wakamtazama tu. Akajifunza swala. Kosa lake la kwanza ni kuwaambia watu sita waje baada ya Alasiri, akidhani Alasiri ni wakati mmoja. Kwetu baada ya Alasiri ni kuanzia imamu anapotoa salamu mpaka jua linapokaribia kuzama, na katikati yake kuna chai, kuna kulala kidogo, kuna mgeni wa kumsindikiza. Wa kwanza alikuja amelowa udhu bado, wa mwisho alikuja Magharibi ikiadhiniwa, na kila mmoja aliapa kwamba hakuchelewa, na kweli hakuchelewa. Basi akaigawa Alasiri. Wewe njoo ukitoka tu msikitini. Wewe njoo ukishamaliza chai. Wewe njoo jua likigusa mnara wa simu. Ukipitisha hapo ulikuta uso wake mlangoni: "Umechelewa. Kaa." Ukakaa mpaka waliowahi wakaisha. Kwake miadi ilikuwa na watu wawili ndani yake, na ukichelewa umemweka mwenzako mlangoni, hata kama mwenzako huyo ni daktari.

Yeye mwenyewe, ajabu, alichelewa karibu kila asubuhi. Alikuwa amejifunza salamu zetu zote, na salamu zetu hazina mwisho: wewe u hali gani, watoto, mifugo, mvua ya huko. Kutoka chumba alichopanga mpaka kliniki ni mwendo mfupi, lakini alisimama kwa kila kibanda. Tukimwambia na yeye amechelewa, alisema hapana, alikuwa akiwaona wagonjwa bure njiani.

Kitu kilichomuumiza hasa ni watu kuacha tiba katikati. "Maumivu yakiisha, mgonjwa anaisha," alisema kila wiki, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa. Mtu anakuja analia, anafunguliwa jino, anasafishwa mzizi, anawekewa dawa ya muda, anaambiwa arudi mara mbili au tatu mpaka lizibwe. Usiku ule analala, asubuhi amepona, humwoni tena. Daktari aliwatafuta. Watu walikuwa wakitoka msikitini Ijumaa wanasikia mtu anaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Wewe! Jino lako liko wazi!" na nusu ya umati wanafunga midomo. Kuna dereva wa lori la maji la Dadaab ambaye Daktari alimfuata mpaka kituo cha mafuta, akasimama mbele ya lori. Dereva alishuka akicheka, akafuatana naye akiwa amevaa kandambili, lori likabaki kwenye foleni wenzake wakipiga honi.

Na alitaka ukweli. Una moyo, una sukari, una mimba, unakula miraa, alitaka kujua kabla ya dawa, na wanaume wetu walimdanganya kuhusu miraa wakiwa na majani katikati ya meno. Hakugombana nao. Alikaa kwenye kigoda chake akakunja mikono. "Meno yameshasema," alisema. "Nakungoja wewe."

Bwana harusi mmoja wa Wajir alikuja kutaka meno yake ya kahawia yawe meupe kabla ya nikaha. Huko maji ya visima yana chumvi zake, na wengi waliokua nayo wana meno ya rangi hiyo. Daktari alimwonyesha kioo, akamweleza kwamba rangi ile haikai juu, iko ndani ya jino tangu utotoni, na kulisugua ni kulimaliza. Akachukua pesa ya kuonwa tu. "Hayo ni maji ya kwenu," akamwambia. "Bibi harusi ni wa wapi?" Wa Wajir. "Basi atakujua." Kijana alishuka ngazi na meno yaleyale, na nasikia wana watoto wengi sasa.

Sikusudii kumfanya malaika. Alitukataza peremende, na kwenye droo ya vyombo vilivyochemshwa alificha halua iliyofungwa gazeti. Chai yake ilikuwa sukari yenye majani kidogo. Alikuwa na gego bovu la chini, upande wa kulia, alilolijua vizuri kuliko yeyote, na kwa miaka alitafuna upande wa pili kwa sababu aliogopa sindano. Mwenzake wa hospitalini alimpa miadi, hakwenda. Tulimwuliza, akasema anangoja mtu mwenye mkono mwepesi. Hooyo akamwambia, "Fungua mdomo, mimi nangoa na uzi," na Daktari akasogeza kigoda chake nyuma, kweli kabisa.

Meno ya Hooyo yalichukua safari nyingi. Daktari alimjazia mdomo unga wa rangi ya waridi uliokandwa kwa maji, Hooyo akadhani anakufa. Umbo la mdomo wake likaenda Nairobi kwa basi, kwenye katoni ya biskuti, likarudi meno ya nta, yakajaribiwa, yakarudi tena Nairobi. Kila miadi Hooyo alifika wa kwanza, kabla hata ya Daktari kumaliza salamu zake. Siku meno yenyewe yalipokuja alimvalisha, akampa kioo, lakini Hooyo hakutazama kioo.

"Soma, Maalim," Daktari akamwambia.

Akasoma Suratul Kauthar, fupi kuliko zote, na thaa iko pale mwanzoni. Ikakwama. Meno yalikuwa mazito, ulimi haukuwa na nafasi. Macho yake yakajaa maji. Daktari akayatoa, akayachonga kidogo kwa mashine, akayavalisha. "Soma." Ikatoka nusu. Akachonga. "Soma tena." Hakujua maana ya neno hata moja. Alimtazama uso tu, na kwa uso ule alijua bado. Sijui walirudia mara ngapi. Wanaume wa benchi ya pili walikuwa wamegeuka wote kusikiliza. Kisha ikatoka, thaa safi, ncha ya ulimi kwenye ncha ya jino, kama alivyonifundisha mimi utotoni, na Hooyo akaisoma sura nzima bila kusimama, akairudia kwa sauti ya uani kwetu. Daktari akavua barakoa. Alikuwa anatabasamu na gego lake bovu linaonekana.

"Sasa nisikilize," akamwambia. "Usiku yatoe, yalaze ndani ya maji. Ukitawadha yatoe, usukutue. Tafuna pande zote mbili. Nyama ngumu, hapana. Na kila mwaka baada ya Ramadhani uniletee niyaone."

"Kuonwa tena?"

"Kuonwa tena."

Wasichana walirudi kusomewa na mwalimu wao. Na kila mwaka, sikukuu ikishapita na watu wakishamaliza kutembeleana, Hooyo alivaa guo lake zuri tukaenda. Akafunikwa mkono, akashikwa kidole kimoja, akalalamika, akalipa. Nadhani alikuwa akiingojea siku hiyo karibu kama Idi yenyewe.

Daktari aliondoka kwa sababu ya mkono. Siku moja alikuta umeanza kutetemeka, si sana, lakini aliuona yeye mwenyewe kabla ya mgonjwa yeyote. Akaandika kwa kalamu ileile nene, akabandika mlangoni: mkono umechoka, kliniki imefungwa, wenye meno ya bandia niko Mwingi, basi linapita. Watu walisoma, wakasimama pale barabarani hawajui wafanye nini. Muuza magodoro alilia, na hakuwahi kutibiwa naye hata jino moja.

Kliniki mpya ni nzuri, sina neno. Miadi inakuja kwa simu, kiti kinapanda chenyewe, daktari ni kijana wetu mwenyewe na ana adabu. Hooyo alikataa kwenda. Kila Ramadhani ikiisha alisema, "Tuende Mwingi, Daktar anangoja." Mwaka wa kwanza magoti yalikuwa yamevimba. Mwaka wa pili mafuriko yalikata barabara. Uliofuata magoti tena, na basi lile kwa mtu wa magoti ni adhabu. Akabaki kuniambia kila nilipompelekea chai, na meno yakabaki mdomoni mwake yakisoma, mpaka wiki ile aliyolala akaacha kusoma.

Ramadhani ya mwaka huu tuliifunga bila yeye. Idi ikapita, watu wakamaliza kutembeleana, na asubuhi moja nikajikuta nimefungua kabati. Nikakichukua kile kitambaa cheupe, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda kituoni nikapanda basi linalopita Mwingi.

Mwingi nilimwuliza mwendesha bodaboda Daktari wa Meno aliyekuwa Garissa. Alinipeleka mpaka getini. Alikuwa amekaa barazani peke yake, amezeeka sana, shuka ya mistari ya kijani imemfunika magoti. Simu yake ikaanza kuadhini Adhuhuri pale mezani, yeye Mkamba wa kanisani, Mwingi, akanyoosha mkono unaotetemeka akaizima.

"Bila hiyo sijui mchana umefika wapi," akasema, bado hajanitambua. "Wajukuu nawaambia njooni baada ya Alasiri, wanacheka."

Kisha akanitambua. Akasimama, akatazama nyuma yangu, kwenye geti, kwa ngazi za baraza, akimtafuta mtu anayepanda polepole.

"Mmechelewa," akasema. "Kila mwaka baada ya Idi nasema watakuja leo. Maalim yuko wapi?"

Nilikifungua kitambaa mezani. Akayaona. Akakaa chini, akavua miwani, akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yote mpaka mwisho, kama alivyoizoea Garissa. Nikakaa karibu naye. Ndipo nikamwambia yote, kwamba yamekaa kabatini, kwamba hakuna anayeyataka, kwamba kuyatupa siwezi na kuyatazama siwezi. Nikamwomba aniambie niyafanye nini.

Akavaa miwani tena. Akayachukua, akayageuza kuelekea kwenye mwanga, mkono ukitetemeka, na nikaona uso wake ukibadilika ukawa ule wa kliniki.

"Yamekauka," akanigombeza. "Nani alikwambia uyakaushe? Yakikaa bila maji yanapinda." Akapitisha kidole kwenye magego. "Na huku kushoto kumelika sana. Nilimwambia nini? Pande zote mbili."

"Alikuwa anakula nyama ya ngamia upande huo," nikasema.

"Aliniambia anakula uji."

"Alikudanganya."

"Meno yameshasema," akasema Daktari. Tukacheka, tukalia, sijui kipi kilitangulia. Alipotulia alipitisha kidole polepole kwenye ncha za yale ya mbele, mahali alipochonga na kuchonga siku ile. "Hapa ni pazima," akasema. "Thaa yake ilikuwa nzima mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho," nikamwambia.

Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha plastiki chenye kifuniko, kina maji, akayatia humo. Nikadhani atayaweka. Akakisukuma mbele yangu.

"Maji ubadilishe kila asubuhi. Na kila mwaka baada ya Ramadhani uniletee niyaone."

Nilifungua mkoba. Niliogopa kwamba atanikataza, kwamba atasema hapana, mama amekufa, weka pesa yako, na mimi nitashuka baraza lile nikiwa sina mama hata kwa Daktari wa Meno. Nikamwuliza, "Ni ngapi?"

Aliitoa shuka magotini. Akaufunika mkono wake, akanyoosha. Nikaingiza wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi na ulitetemeka, ukatafuta kidogo, kisha ukashika kidole kimoja, kile cha shahada, akakibana sawasawa, bei ya kuonwa, bila kupunguza chochote.

Nikalipa. Nilirudi Garissa na basi la Alasiri, kikombe mapajani, nimekishika kwa mikono miwili kwenye mashimo yote ili kisimwagike. Sasa kiko dirishani, karibu na kile kioo chake kidogo, na nikishaswali Alfajiri nabadilisha maji kabla wasichana wa duksi hawajaingia uani. Ramadhani ikiisha, Hooyo ana miadi Mwingi, na safari hii hatutachelewa.